Nusu Kaputi

Kijiji kizima kinaniita Mama Usingizi.
Watoto wakiniona sokoni hufumba macho
na kujiangusha vumbini kwa utani.
Sijawaambia kuwa mwenyewe silali.

Zamani, kabla chumba hiki hakijapakwa rangi,
kazi yangu ilikuwa kusindikiza.
Nyamizi binti Msagata nilimsindikiza
juu ya marobota ya tumbaku, lori la chama cha msingi,
kitenge changu chini yake, mvua juu yetu,
Sikonge bado mwendo wa saa sita.
Akaniuliza, "Nesi, tumefika wapi?"
Nikasema, "Karibu."
Akauliza tena penye daraja la magogo.
Nikasema, "Karibu."
Mara ya tatu hakuuliza.

Tumbaku ilifika. Ilipimwa, ikapewa daraja.
Robota moja tu lilikataliwa:
lilikuwa limelowa.

Husema mja mzito mguu mmoja uko kaburini.
Hakuna anayesema ule wa pili umekanyaga nini.
Mimi nimeuona:
umekanyaga dumu la dizeli,
chupa moja ya damu kwenye friji inayotetemeka,
na ufunguo wa stoo
ambao mwenye stoo kaenda nao harusini.

Nilipelekwa kusoma, miezi mitatu.
Mkufunzi alisema: kumlaza mtu si elimu,
hata pombe inalaza.
Elimu ni kumrudisha.

Leo ni Wande, miaka kumi na tisa,
uchungu wa siku ya pili.
Mkono wa mtoto umetangulia,
kiganja wazi, kama konda anayedai nauli.
Mumewe yuko porini kwenye mizinga, simu haishiki.
Mkwewe ameweka dole gumba kwenye fomu,
wino uliobaki akaufuta kwa ushungi.
Tabibu Kapera ananawa, ananawa tena.
Wande ameshindwa kujifungua;
basi tumfungue.

Nikasukuma dawa polepole.
Macho yake yakabaki wazi, ila mwenyewe hakuwamo.
Akaanza kuongea Kinyamwezi na mtu nisiyemwona,
akimgombeza kuhusu mbuzi.

Ndipo jenereta likakohoa, likanyamaza.

Giza la chumba cha upasuaji si giza la nyumbani.
Lina harufu ya spiriti na chuma.
Kapera hakusema neno, mikono yake iko ndani ya mtu.
Nikatafuta shingo ya Wande kwa vidole,
nikahesabu kwa sauti, wote wasikie kwamba yupo:
moja, mbili, tatu.
Nje mtu anakimbia, dumu linagonga ngazi.
Kumi na tisa. Ishirini.
Nilipofika themanini na saba, taa ikarudi,
tukakuta sote tumeinamisha vichwa
kama watu waliopoteza sindano.

Mtoto alitoka wa buluu, mlegevu.
Akasuguliwa, akasuguliwa,
mwishowe akakasirika.

Alfajiri Wande akarejea. Midomo mikavu.
Akageuza shingo, akaniangalia muda,
akauliza, "Tumefika wapi?"

Ulimi wangu ulikwisha kulishika lile neno la zamani.
Nikalimeza.
"Hatukuondoka," nikamwambia. "Uko Kitunda.
Huo ukuta unaouona, nyuma yake ni kwa mama yako."

Hakuonekana kushangaa. Aliomba uji.

Nje lori la chama lilikuwa linapasha injini,
marobota yamefungwa kamba,
na juu yake hapana mtu.