Safu ya Sita

Nimegeuza kalenda ya mwaka jana, ile ya ushirika wa kahawa,
nikachora jedwali mgongoni mwake:
kazi zishuke, safu tano zikae kwa upande.
Mshahara. Miaka ya kusoma. Mgongo. Usingizi.
Na jinsi Bi Anaeli wa dukani atakavyoniita.

Fomu ya chuo inataka jibu Ijumaa.
Leo Jumanne. Mvua imeosha mabati ya Majengo,
mlima umejifunika gubigubi, hautaki kuulizwa kitu.

Nilianza na mjomba Kiwia, karani wa benki.
Mshahara, vema. Mgongo, vema. Usingizi
akanyamaza, akazungusha pete kidoleni.
"Jioni ikipungua elfu tano, nailipa mimi.
Usiku naihesabu tena, kwenye dari."

Shangazi Ndeonansia, muuguzi wa wodi ya watoto,
hakuwa na muda na karatasi yangu.
Alinishika mkono, na kabla sijamaliza shikamoo
vidole vyake vilishahesabu mapigo.
"Wewe hujala," akasema, akaondoka.

Binamu Ndekirwa ameshuka jana kutoka mlimani,
pua imebabuka, bahashishi ameificha soksini.
Siku sita, kilo ishirini kichwani,
na trei ya mayai ya wageni
halikupasuka hata moja.
"Kileleni kukoje?" nikamuuliza.
"Sijawahi kufika. Mzigo wangu unaishia kambini.
Ila mawe yanayoteleza nayajua yote,
mengine nimeyapa majina."
Akanitajia matatu. Moja lina jina la mwalimu wetu wa hesabu.
Nilicheka, kisha nikakaa na kalamu hewani:
hili naliandika safu ipi?

Fundi Mchome, barazani na cherehani yake,
alinikatiza: "Mchagua jembe si mkulima, binti."
Alisema hivyo huku akichagua mkasi.
Wa tatu ndio uliomridhisha.

Nimejumlisha. Benki inaongoza kwa vema mbili.
Mama anapita na kibatari, umeme umekatika:
"Haikaeli, utaitoboa hiyo karatasi."
Kweli. Mstari mmoja nimeufuta mara nne
kwa kuwa ulikuwa umeinama, unywele tu.

Ndipo nikamkumbuka yule mpima ardhi, Kibosho,
siku ile ya baba na baba mdogo,
ndugu wasiosalimiana tangu matanga ya babu
kwa sababu ya hatua tatu za migomba.
Mama mfupi, buti za mpira, miwani imefungwa uzi.
Hakuuliza nani ana haki.
Alisimika chombo chake cha miguu mitatu
kando ya masale, akanipa fimbo:
"Ishike wima. Usipumue sana."
Nikaishika. Nzi akanitua mdomoni, nikamwacha.
Baba akachungulia kwenye kioo, akampisha mdogo wake,
naye akachungulia palepale,
wote wawili wakaniona mimi nimesimama katikati.

Sikumweka kwenye jedwali.
Sikudhani ile ilikuwa kazi.
Hata mshahara wake sikumuuliza.

Nimechora safu ya sita, kwa rula, chini ya kibatari.
Juu yake sijaandika neno.
Penseli imebaki kipande cha kidole,
na kesho ni Jumatano,
na gari la kwanza la Kibosho
huondoka alfajiri.