Daftari la Paipu

Ukurasa wa kwanza nimeandika: Kageha, paipu moja,
inchi moja na nusu, futi tatu. Kalipa nusu, nusu deni.
Ilikuwa Machi, mvua ya mawe imetoboa mabati ya watu
na duka letu la Chavakali limejaa wenye kutaka misumari.
Yeye hakutaka msumari.
Aliinua paipu hadi mdomoni, mbele ya wateja,
akaipuliza taratibu, kama mtu anayepoza uji wa mgonjwa,
akatega sikio, akasema: "Hii."

Nikamwambia, mama, hizi ni za maji.
"Najua," akasema, akaondoka nayo begani.

Kila majani ya chai yalipolipwa, alirudi.
Futi mbili. Futi moja na inchi nne.
Siku moja alirudisha ile ya juzi, ati imezidi kwa upana wa ukucha.
Nikakataa. Akaazima msumeno wangu, akaikata palepale kaunta,
vumbi jeupe likatua kwenye mizani kama unga wa muhogo.
Akapuliza tena. Akacheka peke yake.

Habari zake nilizipata kwa vipande, kama alivyonunua.
Kinanda kile alikiona mara moja tu,
kwenye kalenda kuukuu ya kampuni ya rangi, ukutani mwa zahanati,
akisubiri mtoto achomwe sindano:
mabomba yamesimama wima kama mahindi ya Juni,
na mtu mdogo chini yake, ametugeuzia mgongo.
Sauti yake hakuisikia. Redio ya zahanati
ilikuwa ikisoma bei ya mbolea.

"Sasa utajuaje kinavyolia?" nikamuuliza.
"Na mama yako," akasema, "alikijua kilio chako ukiwa tumboni?"

Mwaka wa tatu mvukuto ulipasuka usiku,
ule wa mpira wa gurudumu la trekta;
kuku wakatorokea kwa jirani, wawili hawakurudi.
Mwaka wa tano mchwa walikula vibao vyote.
Akaanza upya, kwa mringaringa na kisu cha jikoni,
na spring akazichomoa kwenye miavuli iliyokufa.
Shemeji yake Adagala akamwita mkulima wa plastiki,
akamshauri amwagilie sukuma wiki, angalau apate mboga.
Subira huvuta heri, tunasema;
hatusemi huivuta kwa kamba gani,
wala viganja huchubuka kiasi gani.

Mimi si mtu wa imani kubwa. Mimi ni mtu wa hesabu.
Lakini tazama mwaka wa saba, kwa mwandiko wangu mwenyewe:
paipu sita, zimepasuka, zitupwe.
Hazikupasuka.
Tajiri akisoma hapa, na anikate mshahara.

Mwaka wa tisa, Jumamosi, alituma mwanawe aniite.
Nilipanda kilima hadi nyuma ya yale mawe makubwa,
viatu vyangu vya duka vikiteleza.
Kinanda kilijaza chumba, kitanda kimehamia nje.
Kijana Lugalia akakanyaga mvukuto, kushoto, kulia.
Kageha akajifuta mikono kwenye leso, akaketi, ametugeuzia mgongo.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya ndama aliyesahauliwa malishoni.
Watoto wakacheka. Hata mimi, nisamehewe.
Kisha akaongeza kidole, na kingine,
na kitu kikaingia kwenye nyayo zangu kutoka sakafuni,
kikapanda magotini, kikanijaa kifuani.
Uani Adagala alikuwa akimimina maziwa;
kikombe kilijaa, kikafurika, hakutazama.

Paipu moja ilikaa kimya muda wote.
Niliitambua: ile ya mvua ya mawe.
"Imenikataa hii," akasema, akiigonga kwa kucha.
"Jumatatu nitakuja. Futi tatu, pengine na nusu."

Sikungoja Jumatatu.
Usiku ule nilifungua ukurasa mpya, nikaandika jina lake,
paipu moja, inchi moja na nusu,
na mahali pa bei nikapaacha peupe.