Nani Alifua Mashuka?

Wiola aliniachia kitabu juu ya mashine namba nne,
jalada jeusi, kona zimeliwa. Akanikonyeza:
"Usikisome peke yako, Bogna.
Mimi siku tatu nimelala taa zikiwaka."
Nikacheka. Zamu ya usiku, mwaka wa kumi na tisa huu,
kwenye dobi la hospitali, ghorofa ya chini kabisa,
niogope nini?
Hapa Bytom wachimba makaa walishafika karibu na jehanamu,
wakabisha, hakuna aliyeitikia hodi.

Sura ya kwanza nilikula mkate.
Sura ya tatu mkate ukanikwama.
Mwana wa mpiga kengele, miaka kumi na miwili,
pepo alipompanda alisema kwa sauti ya babu yake aliyekwisha oza,
akamtaja mtawa kwa jina la utani
ambalo marehemu mama yake tu ndiye aliyelijua.
Sikatai, niligeuka nyuma.
Mashine ya kukaushia ilikuwa ikizungusha kitu chenye kifungo,
ko, ko, ko,
nami nikaapa inasema Bo-gna, Bo-gna.
Nikaizima. Ikazunguka mara mbili zaidi, kisha ikanyamaza
kama mtu aliyetambua kwamba anasikilizwa.

Kwa hiyo mwandishi nampa haki yake.
Lakini ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili
hofu ilinitoka, ikaingia hasira.

Usiku wa sita. Mtoto anatema tope la mto,
katikati ya baridi, mto wenyewe umeganda.
Anatema manyoya, anatema mikunga hai,
mwandishi hana choyo.
Kitanda chote kimelowa.
Mtawa anasali, baba ameegemea mlango,
na kesho yake, mstari wa kwanza wa sura mpya,
mtoto amelala juu ya mashuka meupe.

Meupe!
Nikarudi nyuma kurasa tano kutafuta beseni.
Nikatafuta sabuni, ndoo, kamba,
mwanamke mwenye mikono iliyobabuka.
Hamna. Tope huliwezi kwa haraka,
sharti likauke kwanza, ulikung'ute, ndipo uloweke.
Pepo kapewa majina saba.
Mfuaji hana hata moja.

Mimi namjua.
Anaitwa Hildegarda, ni mama yangu,
nyumba ya matofali yenye masizi, nyuma ya mgodi,
majira yale ya baridi mdogo wangu Alojz alipoanza kuanguka.
Povu mdomoni, macho weupe mtupu,
na mlio, ndiyo, mlio mzito usio wake.
Shangazi Trudka akasema lisemwalo lipo.
Padri Teofil akaja, viatu vimejaa theluji,
akasoma, akanyunyiza, akatoka jasho, mtu mwema,
akanywa chai, akaenda zake.
Mama akabaki na shuka.
Usiku kucha nilimsikia kwenye ubao wa kufulia,
kshi, kshi, hakusema neno.
Asubuhi shuka lilikuwa limeganda kwenye kamba,
limesimama wima kama mlango,
na Alojz, blanketi mabegani, akaenda akalibisha hodi.
Akacheka.
Sauti yake mwenyewe.

(Baadaye daktari wa Katowice alimpa vidonge.
Pepo akahama bila kuaga.)

Kitabu nimekimaliza saa kumi alfajiri.
Pepo katolewa, kengele zimelia zenyewe,
sitasema mtawa kapatwa na nini.
Pembeni ya ukurasa ule nimeandika kwa penseli:
*Kama kuna damu, maji baridi na chumvi. Tope, subiri likauke.*
Wiola atadhani nimerukwa na akili.

Ila mashine namba nne
sikuiwasha tena mpaka kulipokucha.