Ufa Wenye Mpangaji

Walinikodi nizibe ufa: toroli thelathini za kifusi,
shilingi hamsini kila toroli, chai juu yao.
Ufa ulianzia choo cha jirani,
ukapita jikoni kwa mama Chepng'eno, ukatokea uani,
ukaenda zake kuelekea ziwani
kama mtu anayeijua njia.
Walikuwa wameulisha kokoto, matairi, godoro bovu.
Haukushiba.

Mwezi wa pili, Mwariki.
Upepo unakuja na vumbi la magadi,
unatutia mvi sote, hata Kibiwott wa miaka sita.

Na hapo ukingoni, kifudifudi, mziwaziwa.
Shina jekundu, uzi wa kushonea vifungo.
Majani hayafiki ukucha wa mtoto.
Ua? Weka sepetu chini kwanza.
Piga magoti, zuia pumzi,
ndipo utaliona, au utadhani umeliona:
punje ya unga iliyosahau kuanguka.

Kibiwott alinionyesha chunjua kidoleni.
Akavunja kitawi, tone likatoka,
jeupe kama la ng'ombe,
akajipaka taratibu, ulimi nje.
"Usishike jicho," akaniambia mimi, mwenye ndevu.

Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema tufanyeje ufa ukiwa na mpangaji,
mpangaji asiye na deni, wa wiki sita tu,
aliyekuja na mvua moja ya kudanganya
na hakudai nyingine.

Nikaanzia upande wa choo.
Toroli ya kumi. Ya kumi na tisa.
Mama Chepng'eno akauliza mbona nazunguka.
Nikamwambia udongo wa huku mzito.
(Uongo. Huku ni majivu matupu ya Menengai.)

Saa nane jua likakaza. Vitumba vikaanza kupasuka,
ta, ta,
kama mtu anayekata kucha kwa meno.
Kila kitumba mbegu tatu:
mafiga ya jiko la sisimizi.

Toroli ya thelathini niliimwaga nikitazama mabati.
Nikalipwa elfu moja na mia nne.
Mia iliyobaki, walisema, watanitumia.

Usiku, mlangoni kwangu Kaptembwo,
nilikung'uta pindo la suruali, mguu wa kushoto.
Kitu kikaanguka kwenye saruji iliyopasuka.
Sikuinama kukitafuta.
Wala sikufagia.