Robo Peni

Dunstan Pask huja Jumapili, tope la viazi sukari hadi magotini,
huegemeza mlangoni mashine yake inayonusa chuma
kama mtu anavyoegemeza mwavuli.
"Merryn," huniambia, "leo nina kibovu chako."
Peni nzima huwauzia wengine,
wafalme wenye masikio yote mawili.
Mimi huniletea makombo.

Enzi hizo huku Lincolnshire hapakuwa na chenji.
Palikuwa na peni ya fedha, nyembamba kama ganda la kitunguu,
iliyogongwa nyundo mara moja,
mara mbili kama mfua fedha hakulala vizuri,
na mgongoni msalaba mrefu ulionyoosha mikono hadi ukingoni
kana kwamba unasema wenyewe: pitisha mkasi hapa.
Nusu kwa mkate na jibini. Robo kwa bia.

Mkasi naujua. Miaka thelathini na moja nakata nywele za mji huu
na sijamwona mteja asiyegeuza kichwa kwenye kioo
kutafuta upande niliompunja.

Kwa hiyo napima.
Mizani ya sonara, niliyoipata kwenye mnada wa vitu vya marehemu Bi. Cattermole
pamoja na kofia sita ambazo sikuzitaka.
Robo ya haki ni gramu sifuri nukta tatu tano.
Hii ya leo: mbili nane.
Nafuta tope kwa mate, napima tena. Mbili nane.
Mkasi uliteleza, au mkono ulijua unachofanya.
Mtu alitoka sokoni na robo isiyofika robo,
akaifumba kiganjani pamoja na jasho,
na kabla hajafika kwao ikamponyoka mtaroni.
Nadhani alikuwa mwanamke. Nadhani aliuza mayai.
Sina ushahidi wowote; nina miguu inayouma
na najua mtu anavyohesabu akiwa amechoka.

Juu yake zimebaki herufi tatu: T, E, R.
Mkia wa jina la mfua fedha. Walter? Peter?
Kichwa cha jina kilikwenda kununua kitu kingine.
Upande wa pili, jicho la mfalme, la kushoto,
na vikunjo viwili vya nywele, kila kimoja kimefungia nukta.
Nywele mbaya. Ningemwambia.

Mwezi wa tatu Dunstan alileta robo nyingine,
hatua kumi kutoka pale pale.
Hakukaa. Aliiweka mezani, akavua kofia,
jambo asilolifanya hata mazikoni.
Nilizisogeza pamoja kwa ncha ya kibanio cha nywele,
ukingo kwa ukingo, pumzi nimeibana,
chai yake ikapoa, na yangu,
zikakaribiana, zikagusana,
mfalme akanitazama kwa macho mawili ya kushoto.

Tulicheka hadi Dunstan akapaliwa.
Alipoondoka niliziacha vivyo hivyo usiku mzima.

Wauzaji wa Lincoln husema sina mkusanyo, nina takataka za fedha.
Heri nusu shari, nawajibu,
na ninyi mna shari kamili ndani ya vioo.
Lakini trei za sarafu hutengenezwa kwa vitu vya duara:
mashimo arobaini, mahameli nyekundu,
na ndani ya kila shimo pembe ndogo
isiyojua ilalie ubavu gani.
Lori la viazi likipita barabarani nyumba hutikisika,
nazo zote arobaini
hulia kidogo kwenye droo
kama mtu anayetafuta chenji mfukoni
huku foleni ikimsubiri.