Namba Kiganjani

Miaka kumi na tisa Milojka
aliandika namba kiganjani:
3107, kodiani, kitufe kimenasa.
Aliisoma kwenye jedwali, akalifunga,
akafungua ukurasa wa pili, akaichapa upya
tarakimu moja moja,
kama anayevuka Drava kwa kukanyaga mawe.

Nikaitwa niweke viungo.
"Kazi ya asubuhi tu," alisema mwenye karakana.

Asubuhi yenyewe theluji ya Maribor ilikuwa tope.
Niliandika msimbo, nikafungua ukurasa,
na kila seli ikanitemea nilichoilisha:
mabano ya pembe, nukuu, mkwaju,
jedwali zima kama shati lililogeuzwa, mishono nje.
Halikukosea. Limefundwa kutomwamini mtu,
maana kesho mteja anaweza kupachika hila
pale pa kuandika jina.

Hadi saa tisa nilikuwa nikilibembeleza:
safu hii moja, ya namba, iamini.
Nyingine ziache. Majina yabaki majina.
Likakubali.
Namba elfu moja mia mbili na sita
zikapata buluu, na mstari chini
kama jicho lililopakwa wanja.

Milojka akaja, miwani kipajini.
Mshale ulipogusa namba ukageuka mkono mdogo mweupe.
"Kumbe lina mkono!"
Akabofya. Ikafunguka kodiani ya Ozimek:
mvukuto umetoboka, picha tatu, deni euro themanini.
Akarudi. Akabofya nyingine, na nyingine,
akicheka peke yake
kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Kisha akabofya 1188.
Ukurasa haupatikani.

"Hiyo iliingia kabla ya mashine hizi," akasema,
bila kutazama popote.
"Nyeusi, ya msichana wa Ptuj. Sauti moja imekufa,
ya tatu kutoka chini. Tuliitengeneza.
Hajarudi. Iko kabati la juu, nyuma ya gundi."

Nikaongeza sharti, mstari mmoja:
pasipo na ukurasa, pasiwe na kiungo.
1188 ikarudi kuwa nyeusi katikati ya buluu,
haibofyeki, haiendi kokote.

Jumatatu nilipita kuchukua malipo yangu.
Alinihesabia noti mezani, akalowesha kidole,
na kiganja kilipofunguka
kilikuwa safi, mwaka wa kumi na tisa umeoshwa,
ila chini ya kidole gumba,
wino mbichi,
tarakimu nne.