Ko, Ko, Bwu

Aprili. Barafu imeiachia ghuba ya Mahone,
haijakiachia kivuli cha ghala.
Ndani ya hema la nailoni nimepiga magoti juu ya sitaha,
nagonga kwa mpini wa bisibisi, sikio chini:
ko, ko, ko. Hapa pazima.
Ko, ko,
bwu.

Naweka alama ya penseli.
Shubiri moja mbele: bwu. Pima moja: bwu.
Mstari unatambaa, unauzunguka mlingoti,
unachora nchi ambayo sikujua naimiliki.

Faibaglasi inang'aa. Nimeipiga msasa na kuipaka rangi
kila Mei, miaka kumi na tisa.
Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti,
na huo mti wenyewe, leo, sijui kama upo.

Mwenye kosa namjua. Kaka yangu Wendell
na nguzo zake za ukingo, skrubu nne kila moja,
keekee mkono huu, bia mkono ule.
Nani alimwona akitia kalafati?
Tone halina haraka. Linashuka kwa uzi wa skrubu,
majira ya baridi linaganda, linatanua, linalala.

Nakata ngozi ya juu. Nainua.
Balsa, iliyokuwa nyepesi kama slesi ya mkate,
ni makapi ya kahawa.
Nachota kwa kijiko cha supu.
Ndoo. Ndoo ya pili. Ya tatu naacha kuhesabu,
nafuata weusi ulikotoka.

Chini ya nguzo za Wendell mti ni mkavu, mweupe,
na pembeni mwa kila tundu
kalafati ya manjano, ngumu kama ukucha.

Weusi unakwenda kushoto kwa usukani,
kwenye tundu moja, dogo, la ndoano ya taa.
Niliitia mimi. Wageni walikuwa wanakuja.
Nilisema, itashika tu.

Hita imewaka siku kumi. Jana nilimpigia simu
kuomba mizani yake ya kuchanganyia epoksi.
Sikumwambia. Halafu nikamwambia.
Kimya; redio yake ikisoma upepo wa kesho.
"Ardith," akasema, "lile tundu lipanue kwanza,
lijaze epoksi tupu, likauke,
ndipo utoboe tena katikati yake."

Anakuja Jumamosi, na makopo ya rangi ya kukandamizia.
Balsa mpya iko mezani, imekatwa, haijalowa kitu.
Naigonga kwa ukucha.